Kusoma Kabla ya Kusomea Sheria

Mhadhara uliotolewa jijini Dodoma mbele ya walimu, wazazi na wahitimu wa kidato cha sita



  

Niliombwa nizungumze juu ya maandalizi ya mtihani wa kujiunga na masomo ya sheria na namna ya kutuma maombi. Nimekubali, ila nieleze mapema nilichokuja kusema, ili mwenye haraka aweze kuondoka nacho: mtihani huo kwetu Tanzania hauna siku moja wala ukumbi mmoja, na hakuna kituo cha masomo ya ziada kinachoweza kumwandaa mtu kwa madesa. Anayejiandaa ni yule anayesoma maandishi magumu kwa utulivu na kuandika alichokielewa kwa mtiririko. Kazi hiyo inaweza kuanzia hapahapa Dodoma, na nitaonyesha kwa nini Dodoma ina akiba ya kutosha.

HOJA YA KWANZA: Malango ni mengi, na lililo gumu liko mwisho

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi kwamba wangeenea kwenye daladala moja na viti vikabaki. Leo shahada hiyo inatolewa na vyuo vingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma pale mlimani. Lango la kuingia shahada ni matokeo ya kidato cha sita au stashahada yenye ufaulu unaokubalika. Kwa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu inataka angalau ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi nne, na A ni pointi tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Kwa hiyo D mbili zinamfikisha mtu mlangoni. Kuingia ndani ni jambo jingine, kwa maana chuo kina haki ya kuweka sifa zake juu ya hizo, na waombaji wa sheria hawapungui.

Lakini shahada haimfanyi mtu kuwa wakili. Zamani mhitimu alifanya mafunzo ya kazi kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Bunge likatunga sheria mwaka 2007, na mwaka uliofuata Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo ikaanza kupokea wanafunzi jijini Dar es Salaam. Sasa anayetaka uwakili lazima apite pale.

Mnakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya kundi moja la wanafunzi wa Taasisi hiyo yalitoka: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walidisko. Nchi nzima ikazungumza. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya watu saba chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini. Wengine walilaumu Taasisi, wengine vyuo vikuu, wengine shule za sekondari, na wengine wakawalaumu wanafunzi wenyewe, ambao hawakuwa na wa kumsukumia.

Sikuja kugawa lawama. Ninachowaomba mkione ni kwamba hao 633 wote walikuwa na shahada ya sheria mkononi. Kila mmoja alikwisha kupita lango la kidato cha sita au stashahada, akafanya mitihani ya chuo miaka kadhaa, akavaa joho, akapigwa picha na wazazi. Kama kuna uwezo ambao haukupimwa mwanzoni, ulisubiri miaka mitano ukaja kupimwa mwishoni, ada ikiwa imekwisha kulipwa. Ndiyo maana nawaambia vijana: jipimeni wenyewe sasa, kabla hamjapimwa na mtu mwingine.

HOJA YA PILI: Kinachopimwa ni hatua kati ya sentensi na sentensi

Wenzetu waliweka mtihani mlangoni kabisa. Marekani wana mtihani wao wa kuingia shule za sheria tangu 1948, na alama zake huanzia 120 hadi 180. Uingereza baadhi ya vyuo vilianzisha wa kwao mwaka 2004: maswali ya kusoma na kuchagua jibu, kisha insha ya dakika 40. Uganda, Makerere nayo iliweka mtihani maalumu wa kujiunga kwa wanaoomba shahada ya sheria. Katika mitihani hii huulizwi kifungu hata kimoja cha sheria. Unapewa aya, unaulizwa: mwandishi amedai nini? Amekitegemeza juu ya nini? Nini kikiongezwa kitalibomoa dai lake?

Tujaribu, lakini kwa mambo ya hapa mjini. Mnaijua CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973 serikali ilipoamua kuhamia Dodoma, ikavunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa. Sasa nisikilizeni: “Kila kiwanja kilichopimwa na CDA kina namba kwenye ramani. Kiwanja cha mama huyu kina namba kwenye ramani. Kwa hiyo kilipimwa na CDA.” Sawa au si sawa?

Nasikia “sawa” nyingi. Mama yule kwenye safu ya tatu amesema si sawa. Tafadhali mama, tueleze. (Mama akajibu kwamba hata baada ya CDA kuondoka viwanja viliendelea kupimwa, na navyo vina namba.) Mama huyu hajasoma sheria, ameniambia ni mfanyabiashara wa nafaka, lakini swali hilo amelipata. Kuwa na namba hakumaanishi kupimwa na CDA. Hoja imegeuzwa nyuma mbele.

Tuongeze uzito. “Mzee amelima eneo hili tangu kabla ya 1973. Hajawahi kulipwa fidia. Kwa hiyo eneo bado ni lake.” Hapa wengi mnaguswa, kwani yako mashamba ya babu zetu chini ya mitaa hii. Lakini wekeni huruma pembeni kwa dakika mbili. Kutoka “hakulipwa” hadi “bado ni lake” pana hatua moja imerukwa. Ili hoja isimame, inabidi tukubali kwamba haki ya ardhi haiwezi kuondoka kwa mtu bila fidia kulipwa. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Pengine haki ya ardhi imekwisha na iliyobaki ni haki ya kudai fedha. Hayo ni mashauri mawili tofauti kabisa, na kila moja lina njia yake. Wakili aliyeshindwa kuiona hatua iliyorukwa atamfungulia mzee shauri lisilo lake, mzee atauza mbuzi kulipia nauli za kwenda barazani, mwisho ataambiwa amekosea mlango.

Zoezi hili halina gharama. Chukueni tahariri ya gazeti lolote asubuhi, pigeni mstari chini ya dai, kisha tafuteni sentensi ambayo mwandishi hakuiandika lakini anataka muikubali. Fanyeni hivyo mwaka mzima.

Nionye jambo moja, hasa kwa wale wanaopenda kuiga. Mtihani ule wa Marekani kwa miaka mingi ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu, ambayo watahiniwa waliyafumbua kwa kuchora michoro. Mtahiniwa asiyeona akaenda mahakamani: mimi nitachoraje? Shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, na kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo haipo tena. Maelfu ya watu walipimwa kwa kuchora wakidhani wanapimwa kwa kufikiri. Siku sisi tukiamua kuweka mtihani wa mlangoni, tuulize kwanza unapima nini.

HOJA YA TATU: Someni hukumu zilizoandikwa Dodoma

Hapa nitakaa kidogo. Mwenyekiti asiangalie saa.

Mwaka 1994 Mahakama Kuu hapa Dodoma ilitoa hukumu mbili ambazo wanasheria wa Afrika wanazisoma mpaka leo. Ninashangaa kwamba mtu anaweza kumaliza shule Msalato au Mpwapwa bila kusikia hata moja.

Ya kwanza ni Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Watu wawili walitiwa hatiani kwa kosa la kuua kwa makusudi, na adhabu iliyowekwa na sheria ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Jaji akajiuliza kama adhabu hiyo inaafikiana na Katiba inayokataza mtu kuadhibiwa kinyama au kwa namna ya kumdhalilisha. Akapima, akasema haiafikiani, akawapa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu hiyo.

Sasa vijana, hapa ndipo penye shule. Wengi wakisikia “imetenguliwa” wanadhani Mahakama ya Rufani ilisema kunyonga si ukatili. Hapana. Majaji wa Rufani walikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ile ni ya kikatili na inadhalilisha. Walikubaliana naye kwa sehemu kubwa ya safari. Waliachana penye Ibara ya 30(2), ile inayoruhusu sheria kubana haki za mtu kwa manufaa ya umma. Mwalusanya aliona haiiokoi adhabu hii. Wao wakaona inaiokoa, kwa kuwa kuamua kama kunyonga bado kunahitajika ni jambo la jamii. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ilipokuwa ikifuta adhabu ya kifo katika shauri la Makwanyane, iliijadili hukumu hii iliyoanzia hapa kwetu.

Kwa hiyo ukiulizwa “mahakama hizi mbili zilitofautiana wapi?” ukajibu “moja inapinga kunyonga, nyingine inaunga mkono”, umekosa, hata kama mwandiko wako ni mzuri. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo miaka mingi. Mwanafunzi amekariri nani alishinda, hakufuata njia. Na anayekariri matokeo hana la kufanya siku akiletewa shauri ambalo halijawahi kuamuliwa, na mtihani wa Taasisi, kama ilivyo kazi yenyewe, umejaa mashauri ya aina hiyo.

Ya pili ni Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, shauri la madai namba 5 la mwaka 1993, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira. Hukumu ilitoka Oktoba 1994. Mtikila alilalamikia mambo kadhaa, likiwemo la polisi kutoa vibali vya mikutano, na lile la kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa. Serikali ilihoji: wewe binafsi umeumizwa na nini hata uje mahakamani? Jaji akakubali kwamba raia anaweza kusimama kuitetea Katiba kwa niaba ya umma, akaridhia mgombea binafsi, akaondoa sharti la kibali cha polisi.

Bunge likabadilisha Katiba kuziba mlango wa mgombea binafsi. Mtikila akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, ikisema suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba haki zake zimevunjwa. Miaka ishirini, watu walewale, swali lilelile, na kila ngazi ina sababu zake. (Kicheko, baada ya msikilizaji kuuliza kama kuna mgombea binafsi sasa. Hakuna, ndugu yangu.)

Hukumu hizi mnazipata bure kwenye tovuti ya TanzLII. Simu mliyonayo mfukoni inatosha. Msisome muhtasari wa mtu mwingine kwanza. Someni hukumu yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kisha kwenye nusu karatasi andikeni mambo manne: nini kilitokea, swali lilikuwa nini, mahakama ilijibu nini, na kwa nini. Hilo la nne likizidi mistari mitatu mwanzoni, msijali. Likikosekana, rudieni kusoma.

HOJA YA NNE: Lugha, bila kuzunguka

Walimu wa kidato cha sita wananiuliza: tuwasukume kwenye Kiingereza? Jibu langu ni ndiyo, na si hilo tu.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na Kiingereza kinatumika pale haki inapokihitaji. Lakini shahada bado inafundishwa kwa Kiingereza, na hukumu za nusu karne zimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana anaishi katikati ya vyote viwili. Mkulima wa Chamwino atamweleza shida yake kwa Kiswahili, pengine kwa Kigogo. Yeye atafute majibu kwenye kurasa za Kiingereza. Kisha arudi kuandika hati ya madai kwa Kiswahili fasaha ambacho hakufundishwa darasani. Anayejua kimoja tu atakwama penye kivuko.

Kenya wana jambo la kufikiriwa. Sheria yao ya shule ya mawakili ya mwaka 2012 ilitaja, miongoni mwa sifa, alama B ya kidato cha nne katika Kiingereza au Kiswahili. Wao, ambao sisi hupenda kuwacheka Kiswahili chao, wamekitaja sheriani kuwa kipimo cha mtu anayefaa kuwa wakili. Sisi je? Mkishaandika ule muhtasari wa nusu karatasi kwa Kiingereza, uandikeni tena kwa Kiswahili. Mtagundua mahali ambapo hamkuelewa, kwa sababu ndipo mtakapokosa maneno.

HOJA YA TANO: Maombi, kwa ufupi

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Baada yake wengi wenu mtaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, baadhi hapa jirani Makutupora, wengine mbali. Matokeo hutoka Julai, dirisha la udahili nalo hufunguliwa majira hayohayo, na wewe uko kambini, umenyolewa, simu huna. Kwa hiyo panga kabla ya kuondoka: mwachie mzazi au mlezi unayemwamini namba ya mtihani, vyeti vilivyopigwa picha vizuri, na orodha ya vyuo kwa mpangilio wako. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa chuo. Usimlipe mtu anayedai ana mkono wake ndani.

Tazama majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Mikoa yetu hii ina kesi nyingi za namna hiyo. Hitilafu hiyo hurekebishwa kwa hati iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na inachukua muda, anza sasa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, maana Bodi ya Mikopo itakitaka. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwa ujumbe wa simu. Wapo wanaopoteza nafasi hapa tu: laini imefungwa, au ilisajiliwa kwa jina la mjomba aliyeko Itigi.

Kwa makarani wa mahakama na watumishi mlioko kazini: mlango wenu upo. Stashahada ya sheria ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, zimewafikisha wengi kwenye shahada.

TUENDAKO

Kelele za kutaka mtihani wa mlangoni zitarudi kila matokeo mabaya yatakapotoka. Mimi siupingi, kwa masharti. Ufanywe kabla ya shahada, mtu akiwa bado hajatumia ada. Uwe wa kuandika hoja, siyo wa kuchagua herufi peke yake. Maandishi ya kusoma yawe ya Kiingereza na ya Kiswahili. Na ufanyike mikoani, Singida na Dodoma na Tabora, ili binti wa Manyoni asipande basi usiku kucha kwenda kupimwa Dar es Salaam akiwa amechoka, halafu tuseme hana uwezo.

Hayo ni ya wakubwa. Ya kwetu ni haya. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kiko hapahapa, tangu kilipozinduliwa Oktoba 2021, na mashauri mengi husikilizwa hadharani. Vaeni vizuri, zimeni simu, kaeni nyuma, sikilizeni wakili anavyomhoji shahidi. Tahadhari moja kwa watakaosoma vifungu: kuanzia Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la sheria zetu la mwaka 2023, hivyo msitegemee nakala za zamani za kaka zenu.

Na nimekubaliana na walimu wawili walioko hapa kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutasoma hukumu moja pamoja, bila ada. Tunaanza na ya Lugakingira. Njooni mmesoma kurasa kumi za mwanzo, na kila mmoja aje na jibu la maandishi kwa swali hili: serikali iliposema Mtikila hana haki ya kuwa pale mahakamani, ilitaka mahakama ikubali sentensi gani ambayo haikuitamka?